Nguo za Pazia

Mgeni alipobisha hodi, Zawena alikuwa akimfunga Kibibi kifungo cha mwisho. Watoto wote wanne walivaa nguo mpya alizowashonea kwa mkono, kwa pazia moja la maua, na alikuwa amewaahidi kwamba leo hakuna kuvua mpaka jua lizame.

Mgeni, dada wa shirika la misaada, alitua kiroba cha unga mlangoni, akatoa kamera, akawatazama watoto na kukunja uso.

"Mama, hawana nguo nyingine? Zile za kila siku?"

"Zipo. Kwa nini?"

"Wafadhili wakiwaona wamependeza hivi hawatatuma kitu. Wavae zilizochakaa, dakika tano tu, halafu unga ni wako."

Sudi, mwenye miaka sita, alishika kola yake kwa mikono miwili. "Mama, ulisema mpaka jua lizame."

Ndani ya debe ulibaki unga wa uji wa kesho tu. Zawena alilijua hilo, na bado damu ilimchemka.

"Wapige picha walivyo."

"Hivyo haiwezekani, mama yangu."

"Nimewashonea mpaka vidole vimetoboka kwa sindano, leo niwavue ili waonekane hawana mama? Beba unga wako, dada. Mlango ni huohuo ulioingilia."

Mgeni akabeba kiroba chake, akaenda. Vumbini pakabaki alama ya duara. Kibibi akaifuata ili akae katikati yake, lakini kwanza akainua pindo la gauni, lisichafuke.