Nusu ya Mkeka

Siku mama aliporudi kutoka Hifadhi, jumba linalotunza ufundi wa wazee, alikaa barazani, akavuta fungu la ukindu, akaniuliza, "Mwanangu, majani haya ya nini?"

Sheria tuliijua. Ufundi ukipokelewa Hifadhi, hutolewa wote mikononi mwa mwenyewe, ubaki ule wa Hifadhi tu, usioharibika. Mama alikuwa mtu wa mwisho aliyejua kusuka ukili wa mtindo wa kwetu. Alikwenda kwa hiari. "Nimezaa wapishi," alitutania, "sikuzaa msusi."

Ila mkeka wake wa kuzikiwa aliuacha nusu.

Dada yangu Zuwena alikwenda Hifadhi kuomba mama arudishiwe ufundi wake kwa wiki moja tu, aumalize mkeka. Karani alimjibu kwa upole, "Dada, ufundi umehifadhiwa salama. Tukiutoa utapotea."

"Na mama azikwe na nini?"

"Madukani ipo mikeka mizuri, dada."

Mama hakulalamika. Aliipapasa ile nusu, akaigeuza upande wa pili, akatutazama. "Aliyeusuka huu ni hodari. Mwambieni amalizie."

Zuwena alisema, "Tutamwambia, mama."

Mama alifariki wakati wa vuli. Tulimzika na mkeka wa plastiki, na ile nusu tukaikunja, tukaiweka chini ya kitanda chake.

Hifadhi hufunguliwa kwa watazamaji kila Jumatano. Mimi na Zuwena huenda, tukavua viatu mlangoni, tukaitazama mikono ya mpira iliyofanana na ya mama ikisuka nyuma ya kioo.