Mbao za Dafroza

"Mwenye mali ni huyo hapo," Clemens alisema, akimwonyesha kwa kidole mama aliyekuwa akipanga vikombe vya chai mezani.

Eveline, ofisa wa kodi aliyefika Makambako asubuhi hiyo kutoka Njombe, alimtazama yule mama kuanzia kandambili hadi kitambaa cha kichwani. Halafu akatazama nje ya dirisha. Uani mbao zilikuwa zimepangwa kufikia usawa wa paa, na malori mawili yalikuwa yakipakia mzigo wa Dar es Salaam.

"Huyu anayetuandalia chai?"

"Huyo huyo. Dafroza Haule. Soma leseni hapo ukutani. Mimi ni mshauri wake tu."

Clemens aliegemea kiti chake cha ngozi, akakoroga chai. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Kwake yeye, kodi ilikuwa ugonjwa wa watu wa mishahara na wauza maandazi, watu wasio na akili ya kuikwepa. Alikuwa na ghorofa Njombe mjini, shamba la parachichi Igwachanya, na gari ambalo bei yake ingejenga zahanati. Kwenye makaratasi ya serikali hakumiliki hata baiskeli, na jambo hilo lilimfurahisha kuliko gari lenyewe. Harusini, akishapata bia mbili tatu, alipenda kuwauliza walimu wanakatwa kiasi gani kwa mwezi. Wakitaja, alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Endeleeni kutujengea barabara," aliwaambia. "Malori yangu yanawashukuru."

Clemens alikuwa amempata Dafroza stendi miaka sita nyuma, mjane kutoka Ludewa, akiuza viazi vya kuchemsha. Alimpa kazi ya usafi na chai. Akamwomba kitambulisho, akamwambia ni kwa ajili ya bima, na kwa jina lake akafungua kiwanda cha mbao na akaunti ya benki. Kila Ijumaa alimwekea hundi mbele yake, naye akasaini. Hakuwahi kuuliza neno. Aliinamia tu karatasi muda mrefu kidogo, na Clemens alidhani anatafuta mahali pa kuweka sahihi.

Eveline alifungua faili. "Mmetangaza mauzo ya milioni themanini kwa mwaka. Vibali vya kusafirisha vinaonyesha mizigo ya malori sitini mwaka huo huo, thamani yake ni mara nyingi zaidi. Kodi na faini kwa miaka mitatu, milioni mia moja na tisini."

Kijiko kilimponyoka Dafroza, kikalia sakafuni.

"Unasikia, mama?" Clemens alisema kwa sauti ya huruma ya msibani. "Serikali inakudai."

Moyoni alikuwa anacheka. Wangemkamata nini huyu? Masufuria? Wangezunguka naye mwaka mzima mpaka wachoke. Na kabla wiki haijaisha angekuwa amemwekea karatasi nyingine ya kusaini, mbao na malori vihamie kwa jina la mjinga mwingine.

"Mimi nililipa elfu ishirini ya kitambulisho cha mjasiriamali," Dafroza alisema polepole. "Na mtaji wenyewe ulikuwa ndoo moja ya viazi."

Eveline aliinamisha macho kwenye faili. Mshahara wake nao ulikatwa kila mwezi kabla haujafika mkononi.

"Hayo ya stendi yaache huko huko stendi," Clemens akamkatiza.

"Kwa hiyo, bosi, hizi mbao ni zangu?" Sauti yake ilitetemeka.

"Zako."

"Na malori?"

"Na malori. Kadi zote zina jina lako."

"Na hela iliyoko benki?"

Clemens alishusha pumzi, kama mtu aliyechoka kumfundisha mtoto kuhesabu vidole. "Kila kitu ni chako, Dafroza. Ungekuwa unasoma unachosaini, ungejua."

"Nitalihitaji hilo kwa maandishi," Eveline akasema.

"Kwa moyo mmoja."

Akavuta karatasi, akaandika haraka kwa mwandiko wake wa madaha, huku akisoma kwa sauti: kwamba hana hisa wala mali yoyote katika kiwanda hiki, hajawahi kuwa nayo, na hatadai kitu chochote kutoka humo, leo wala siku za usoni. Akasaini, akaweka na dole gumba bila kuombwa. Eveline akasaini kama shahidi, akagonga muhuri, akampa kila mmoja nakala.

"Msimbane sana," Clemens alimwambia ofisa, akitabasamu. "Ni mjane huyu."

Dafroza aliisoma nakala yake mstari kwa mstari, midomo ikicheza taratibu. Alipomaliza aliikunja mara nne, akaiweka kifuani.

"Dada," alimwambia Eveline, "nikilipa yote leo, kiwanda kitafungwa?"

"Hapana, mama. Ukilipa, umemaliza. Unaendelea na biashara yako."

"Basi nisindikize benki. Jumatatu nilipita kuulizia salio. Kwa waliyoniambia, deni hilo litalipika na nyingine itabaki."

Kikombe cha Clemens kilisimama katikati ya meza na mdomo.

Dafroza alifungua aproni, akaitundika msumarini, kisha akamgeukia. Sauti haikutetemeka tena.

"Wewe Clemens, chukua koti lako uende. Kiwandani kwangu sikai na watu wasiolipa kodi."