Moto wa Mama Kipriani

Mwaka 1974, Nyakitonto, watu wamegoma kuhamia kijiji cha ujamaa. Mkuu wa wilaya akamwambia Kipriani, katibu wa chama pale tawini: "Bomoa nyumba ya mama yako kwanza. Wenzake wakiona watahama wenyewe. Na wewe nakupeleka Kasulu mjini, ukatibu wa wilaya."

Sasa sikia. Kwao nyumba haibomolewi moto ukiwaka. Na moto wa jikoni kwa mama, mtoto anauzima siku moja tu, siku ya kumzika.

Kipriani akaingia na ndoo ya maji. Mama yake amechuchumaa, anachochea maharage.

"Umekuja kunizika, katibu?"

"Ni kuhama tu, mama. Kule kuna shule, kuna zahanati."

"Basi ngoja maharage yaive."

Nje Landrova ya mkuu wa wilaya ikapiga honi.

Kipriani akaepua chungu kwa majani ya mgomba, akakiweka chini taratibu kisimwagike. Halafu akamwaga maji. Makaa yakalia, majivu yakaruka mpaka kwenye kola ya shati lake jipya.

Mama akatandika mkeka, akalala chali, akajifunika kitenge mpaka usoni.