Kisu Juu ya Ukuta

Bi Hidaya, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alipopiga hodi, Nasra hakuwa na pa kujificha. Bustani yenyewe ilikuwa ndogo kama mkeka, na katikati yake ilisimama fuksia changa, maua yake mekundu yakining'inia kama hereni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mashallah! Umeipata wapi, mwanangu?"

"Dada yangu kaniletea," Nasra alisema, na papo hapo akausikia uso ukimchoma. Mji mzima hakuna aliyekuwa na fuksia ila Bi Hidaya, na hakuwahi kumnyima mtu mche. Nasra angeomba tu, angepewa.

Bibi alipiga magoti, akachimba kwa vidole, akaizungushia fuksia miche ya makangaga aliyokuja nayo kikapuni.

"Haya yataitilia kivuli mizizi, haipendi jua. Na baridi hii inayoingia ikiunguza matawi, usiing'oe ukadhani imekufa. Funika shina kwa majani makavu, itachipua tena."

"Ahsante, Bibi," Nasra aliiambia ardhi.

Bi Hidaya alijifuta udongo kwenye kanga, akatoa kisu kidogo kikapuni na kukiweka juu ya ukuta, mpini ukimwelekea Nasra.

"Siku nyingine kata kwa hiki," alisema kwa upole. "Ukinyofoa kwa mkono, shina linabaki na kidonda. Lile langu bado halijapona."

Akaenda zake. Umande ulianza kukilowesha kisu, na Nasra alikuwa bado amesimama palepale, mkono umemshinda kuunyoosha.