Mkojo wa Mtumishi

Siku hizi choo cha kila mtumishi wa serikali humpima mkojo, na majibu huonekana kwenye kioo kilichofungwa nje ya nyumba yake ili wananchi wayasome. Mwasiti, afisa ardhi wa wilaya, alikinai kuwaona majirani wamesimama pale asubuhi wakinywa chai na kuujadili mkojo wake.

Jumatatu moja muuza maandazi alimwambia Rukaya, binti wa Mwasiti, "Pole, mwanangu. Mama yako anatumia mofini. Ile si dawa ya mafua."

Rukaya alirudi mbio, akamkuta mama yake jikoni.

"Mama, unaumwa nini?"

Mwasiti alizima jiko. "Saratani, mwanangu. Nilisubiri umalize mitihani, nikwambie mwenyewe."

Walilia wamekumbatiana. Dirishani jirani mmoja alichungulia, akauliza kwa upole, "Mama Rukaya, mbona leo dozi imepanda?"

Mwasiti alishikwa na kinyaa hadi akatapika kwenye sinki.

Kesho yake Rukaya hakumuuliza mama yake ameamkaje. Alitoka nje, akajipenyeza katikati ya majirani, akasoma.