Ndafu ya Mgeni Rasmi

"Fungua mdomo, dada yangu," alisema meneja wa eneo la viwanda, akimsogezea Anastazia kipande cha nyama kwenye kijiti, huku wasimamizi wake wakipiga makofi na vigelegele.

Anastazia alikuwa ametumwa kulipima eneo lile nje ya Dodoma: linavyotunza mazingira, linavyowatendea watu, linavyojiendesha. Alama bado hajaziandika. Sherehe ya kumuaga ilikuwa ya nini basi, kama si kumlainisha?

Hakufungua mdomo. Macho yake yalikuwa mezani, kwa mbuzi mzima aliyebanikwa, kapigishwa magoti kwenye sinia, kinywa kimejazwa majani ya saladi kama shada la harusi.

Jana, nyuma ya kiwanda cha nguo, aliwakuta mbuzi wa wafugaji wa Kigogo wakinywa kwenye mtaro uliokuwa ukitiririsha maji ya buluu, yananuka kama mayai viza.

"Hayana madhara," meneja alimwambia. "Si unaona hata mbuzi wanakunywa?"

Sasa aliyachomoa yale majani. Fizi za mbuzi zilikuwa za buluu. Ulimi nao buluu, imekolea, kama wa mtoto aliyenyonya kalamu ya wino.

Vigelegele vikafifia. Akakipokea kijiti, akakigeuza, akamsogezea meneja mdomoni.

"Anza wewe, kaka. Si hayana madhara?"

Meneja, ambaye tangu jana asubuhi hakunyamaza hata kidogo, akafumba mdomo.