Arabuni

Mgeni alitaka jeneza, na alilitaka kwa mbao za mvule zilizoegemezwa ukutani, zile ambazo fundi hakuwa akiziuza.

"Chagua nyingine," fundi alisema. "Hizo ni za kabati la binti yangu. Siku akirudi nyumbani, alikute."

Mtaa mzima ulishachoka kusikia habari za kabati hilo. Binti aliolewa na mwanamume wa kujichagulia, fundi akasusia harusi, akaapa hataki kumwona huyo mkwe hata kwenye picha. Hasira ziliisha zamani, ukaidi ukabaki, na sasa mzee alimlilia mwanawe kimyakimya. Juu ya meza yake ya kazi, msumarini, ilining'inia hereni moja ya fedha aliyoiacha binti siku ya kuondoka. Wateja walimtania, "Mzee, utatoga lini sikio?" Alicheka nao, lakini hakuitoa.

"Nataka hizo hizo," mgeni alisema.

Fundi akamwangalia vizuri. Macho mekundu, mashavu yamebonyea, vifungo vya shati vimefungwa upande.

"Ni la nani?"

Mgeni akasimama wima kando ya mbao. "Nipime mimi, kisha upunguze kidogo."

"Nipunguze? Kwani unatazamia kukonda zaidi?"

Mgeni hakucheka. Huyu anajiagizia lake mwenyewe, fundi aliwaza.

"Kijana, kuna jambo unataka kujifanyia?"

"Hapana, baba."

Fundi hakumwamini. Akaona bora amcheleweshe kwa maneno. "Haya. Lakini mimi sishiki msumeno bila arabuni."

Mgeni akatabasamu kidogo. Alisema yeye hufundisha wachungaji Kigiriki. "Neno hilo limo katika Agano Jipya, mara tatu tu. Wala asili yake si Kigiriki. Wafanyabiashara wa mashariki ndio waliowapelekea Wagiriki, na sisi tukalipata kwa Waarabu. Katika Mwanzo, Yuda alipomwachia Tamari muhuri na fimbo yake viwe dhamana, Kiebrania kinatumia neno hilo hilo."

"Si pesa ya kutanguliza tu?"

"Si lazima pesa. Ni kitu unachomwachia mtu ili awe na hakika kwamba kilichobaki kitakuja."

Fundi akatazama msumari bila kupenda. "Na kisipokuja?"

"Kinakuja," mgeni alisema. "Kwa namna yoyote ile, kinakuja."

Huruma ikamshika mzee. Hata kama mtu huyu anajitafutia kifo, wa kumtuliza ni nani kama si aliye mbele yake? Akaushusha ubao wa kwanza mezani.

"Chukua hizo mbao. Binti yangu angekuwapo, angenigombeza kwa kukunyima."

Mgeni alijifunika uso kwa viganja. Kisha akaweka mezani leso iliyokunjwa.

"Arabuni yako, baba. Fungua nikishatoka. Ukitaka kunifukuza, niko hapo langoni."

Fundi alipitisha msumeno mara ya kwanza, mvule ukatoa harufu yake. Akasimama, akafuta mikono, akaikunjua leso.

Ndani kulikuwa na hereni moja ya fedha.

Akainua macho haraka, akiomba iwe ile yake imeibwa. Ilikuwa bado inaning'inia msumarini.